Usitume hiyo arbuni ya kinu cha upepo

Ndugu wa Shela, huko Lamu, usitume. Kama arbuni ya kinu hicho bado imo mfukoni mwako, iache humo humo, na muuzaji akikupigia Ijumaa kama ulivyoandika hapa jukwaani, mwambie umesafiri, simu imeanguka baharini, lolote lile, mradi fedha zisitoke.

Umeeleza kwamba una kompyuta mbili za mezani za kunakili sauti na kusanifu mabango, kwamba upepo wa kusi unapiga bure mchana na usiku juu ya dari yako, na kwamba muuzaji wa Mombasa amekuahidi kinu cha wati 1000 chenye mapanga yanayochora duara la upana wa mita 1.2, kitakachofika gati la Mokowe kwa lori wiki ijayo. Kisha ukauliza kama nyumba ya mawe itabeba mlingoti, kama kuna haja ya kuongeza paneli, inveta ipi (kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kawaida wa nyumbani) inafaa, na iwapo umeme wa ziada unaweza kuuzwa. Nimesoma hadi kwenye zile wati 1000 damu ikanichemka, kwa sababu maneno hayo niliambiwa mimi, kwa mpangilio ule ule, hadi kituo.

Chukua karatasi tufanye hesabu ambayo mimi niliifanya baada ya kulipa. Duara la upana wa mita 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.13. Hewa ya pwani ina uzito wa takriban kilo 1.2 kwa kila mita ya ujazo. Upepo ukivuma mita 12 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 40 kwa saa, ambao si upepo wa kila siku hata huko Shela, nguvu yote inayopita katika duara hilo ni wati 1170 hivi. Yote, kabla panga halijagusa kitu. Mwaka 1919 Mjerumani Albert Betz alionyesha kwamba hakuna kinu kinachoweza kunasa zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaokipitia, kwa kuwa hewa ni lazima iendelee kuondoka nyuma ya mapanga. Kwa hiyo kinu chako, hata kama kingetengenezwa na malaika, hakifiki wati 700 katika upepo huo, na vinu vidogo vya kawaida hunasa robo au chini ya theluthi, yaani wati 300 hadi 350. Kibandiko kinachosema 1000 hakihitaji kupelekwa maabara. Kinakanushwa na kalamu na karatasi.

Na hiyo ni habari njema. Habari mbaya ni kwamba nguvu ya upepo hufuata kasi × kasi × kasi, hivyo upepo ukipungua kwa nusu, nguvu haibaki nusu bali sehemu moja ya nane. Kwa upepo wa mita 5 kwa sekunde, ambao wewe na mimi tungeuita upepo mzuri wa kupunga barazani, duara lile lile lina wati 85, nawe utapata kama 20. Kompyuta yako moja ya mezani pamoja na kioo chake inaweza kutaka 150.

Muuzaji wangu, ambaye simtaji kwa sababu sitaki kumfanyia matangazo hata ya ubaya, alinionyesha picha za mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana kule Loiyangalani, akaniuliza iwapo nina shaka na kitu kinacholisha taifa. Sikuwa na shaka na Turkana, na hadi leo sina. Kule kuna mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, wenye duara la upana wa mita 52, imesimama katika uwanda ambao upepo hubanwa kati ya Mlima Kulal na Mlima Nyiro na kupita bila kukutana na hata banda la kuku. Changu kilikuwa na upana wa mlango, na kilikutana na paa la makuti la jirani, tangi la maji, na ukuta wa nyumba ya ghorofa mbili upande ule ule unakotoka kusi. Mtu anayeuza kitu cha pili kwa sifa za kile cha kwanza anajua anachokifanya. Hakukosea, na ndiyo maana sijamsamehe.

Sasa mlingoti. Vinu hutakiwa kukaa juu ya vizuizi vyote vya jirani kwa mita 9 au 10, la sivyo vinapata upepo uliokwisha kuvurugika. Mimi nilinunua bomba la chuma la mita 6, nikaona nimejitahidi, na halikupinda hata kona moja ya vichochoro vya mtaa wangu wa Langoni. Wachukuzi waliligeuza, wakalisimamisha, wakalirudisha bandarini, na mwishowe likakatwa vipande viwili na kuunganishwa tena juu ya dari kwa mashine ya kuchomelea. Likafungwa kwenye ukuta wa matumbawe na chokaa ambao umesimama tangu kabla ya babu zetu, na ambao haukujengwa kwa ajili ya kutikiswa. Kinu kilipoanza kuzunguka, mtikisiko ulishuka kwenye bomba, ukaingia ukutani, ukatembea ndani ya boriti, na usiku vumbi la chokaa likawa linaanguka juu ya chandarua. Mke wangu alilivumilia hilo kwa muda ambao sitautaja, kwa heshima yake. Hilo ndilo jibu langu kuhusu nyumba ya mawe kubeba mlingoti.

Huko juu kwenyewe, kinu kilikuwa kinahangaika. Upepo uliogonga ukuta wa jirani ulikuja kwa mafungu, mara kutoka kusi, mara kutoka mashariki, na mkia wa kinu ukawa unakigeuza huku na huku, na kila kinapogeuka mapanga yanapunguza mwendo hadi karibu kusimama, kisha yanaanza upya. Ukikitazama kutoka mtaani ungedhani kinafanya kazi kubwa. Wapita njia walinisifu. Mita haikunisifu.

Ajali yenyewe ilitokea usiku wa kusi kali, betri zikiwa zimejaa. Hapa naomba usome polepole, kwa maana sehemu hii ndiyo iliyonigharimu zaidi ya kinu. Paneli ya jua ikikatwa kutoka kwenye betri haipati madhara. Hukaa juani na kupata joto tu. Kinu hakiko hivyo. Kikikatwa kinapoteza mzigo uliokuwa ukikizuia, kinazunguka huru, na volti zake hupanda pamoja na mwendo wake. Ndiyo maana kinu hutakiwa kuwa na kidhibiti chake maalumu cha kuchaji betri, chenye kipinga kikubwa cha kumwagia umeme wa ziada uwe joto, na swichi ya breki inayounganisha zile nyaya zake tatu ili kijizuie chenyewe. Fundi wangu alikiunganisha kupitia kidhibiti cha paneli. Nilipomuuliza kama kinafaa, alinijibu kwamba umeme ni umeme tu, hauna kabila.

Kidhibiti kilipoona betri zimejaa, kilifanya kilichoumbiwa, kikakata. Kinu kikaanza kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, volti zikapanda hadi kidhibiti chenyewe kikaungua na kuruhusu umeme kupita. Betri zingeweza kuumeza kwa muda, lakini ncha moja iliyokuwa imeliwa na chumvi iliachia kwa ule mtikisiko, na mzigo wote ukaangukia inveta. Inveta ikatoa moshi, na kompyuta iliyokuwa katikati ya kazi ya mteja ikazimika na isiwake tena. Nilipanda darini na tochi nikampigia fundi, naye akanishauri nikishike kwa kamba. Mtoto wa Amu, yaani Lamu, hufundishwa kupunguza tanga kabla dhoruba haijafika, na hapo nilikuwa chini ya tanga lisilo na kamba wala foromali, natafuta pa kulishika. Kilisimama chenyewe baada ya panga moja kukatika na kuangukia uani kwa jirani, ambako kwa rehema za Mungu kulikuwa na mapipa matupu. Sheria ya Kenya inamtaka fundi wa sola awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati; mimi sikuwa nimemuuliza fundi wangu hata jina la babake.

Kutokana na hasara hiyo nina kanuni moja, na nitaendelea kuirudia hapa jukwaani hata mkinichoka: usinunue kifaa kwa wati zake, nunua kwa wati-saa za siku nzima, zilizopimwa mahali kitakapokaa. Wati za kwenye kibandiko ni dakika bora ya kifaa hicho. Wati-saa ni kile ulichokipata kuanzia alfajiri hadi alfajiri, na 1000 kati ya hizo ndiyo yuniti moja unayoinunua kwa tokeni. Kinu changu, katika siku njema ya kusi, hakikufikisha wati-saa 200. Katika maleleji, pepo zinapopokezana zamu, kilikuwa pambo. Paneli moja ndogo ya wati 100, kwa pwani yetu yenye takriban saa tano za jua kamili kwa siku, ukiondoa hasara za joto, waya na betri, hutoa kama 350, haina sauti, na haijawahi kuangukia mapipa ya mtu.

Kanuni hiyo hiyo itumie upande wa matumizi, kwa sababu huko ndiko wengi wanakofilisika bila kujua. Kompyuta yako ya mezani ya wati 150 kwa saa nane ni wati-saa 1200, na mbili ni 2400. Laptopu yenye kula wati 40 kwa muda huo huo ni 320. Ruta ni wati 10 tu, kitu cha kudharauliwa, lakini haizimwi, kwa hiyo kwa saa 24 inakula 240. Na inveta iliyoachwa imewashwa usiku na mchana bila kazi, ikila wati 15, inafikia 360 kwa siku, zaidi ya laptopu inayofanya kazi kutwa! Hakuna kibandiko kitakachokwambia hayo. Mita ndogo ya kuchomeka ukutani itakwambia.

Kwa hiyo fedha ya kinu igeuze. Uza kompyuta za mezani uchukue laptopu mbili, ruta uilishe moja kwa moja kutoka kwenye betri kupitia kifaa kidogo kinachoshikilia volti 12, inveta uizime unapomaliza kazi, nawe utakuwa unahitaji wati-saa 1000 hivi kwa siku badala ya karibu 3000. Paneli za wati 300 zingetosha kwa shida siku za jua, ila Mei, mvua ya masika inapoamua kukaa, hazitoshi, basi weka 600. Zilaze kwa mwinamo mdogo wa nyuzi 10 au 15 ili mvua izioshe vumbi na chumvi, mahali ambapo kivuli cha makuti ya jirani hakizifikii hata jioni. Usishtuke zikitoa pungufu saa sita mchana, kwa kuwa zilipimwa kiwandani zikiwa na joto la nyuzi 25, na juu ya dari ya Lamu huvuka 60.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 imeandikwa wati-saa 2400, lakini ukitaka idumu tumia nusu, na usiiweke chumba cha joto, kwa maana kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa takriban nusu. Ya lithiamu ya fosfeti ya chuma ya ampea-saa 100 itakupa zaidi ya 1000 zinazotumika kweli, na itadumu zaidi. Betri ya gari ni ya kuwashia gari. Na inveta uiweke ubavuni mwa betri: mzigo wa wati 300 kwa volti 12 ni ampea 25, na waya wa milimita za mraba 2.5 uliotembea mita 10 utakula zaidi ya volti 3 njiani, inveta ianze kupiga kelele kwamba betri imekwisha ilhali imejaa. Nililaumu betri nzima nzima kwa kosa hilo, lakini hiyo ni hadithi ya uzi mwingine.

Kabla ya Ijumaa, azima mita ya kuchomeka kwa yeyote mwenye nayo, au njoo Langoni uchukue yangu. Iache kompyuta moja juu yake kwa siku nzima ya kazi, kisha ruta kwa usiku na mchana, uandike hapa hapa tarakimu zote mbili. Ongeza picha ya kibandiko cha kinu, iwe wazi kiasi cha kusomeka upana wa mapanga na kasi ya upepo waliyoitumia. Hesabu nitaifanya mimi hadharani, na muuzaji akitaka aje aijibu.