Ukienda kwa daktari wa tiba asilia ya Kichina, usikwangue ulimi

Asubuhi ya miadi usikwangue ulimi, wala usinywe kahawa. Daktari atataka kuuona ulivyo: rangi yake, utando wake, kama una alama za meno pembeni. Kisha ataweka vidole vitatu kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kushoto halafu kulia. Kwa mafunzo yao, mkono wa kushoto hueleza habari za moyo, ini na figo. Wa kulia, mapafu, wengu na tena figo.

Mimi nilikwenda nikiwa naishi Guangzhou, China. Usingizi ulikuwa umepotea, na kila nikila tumbo linajaa gesi. Daktari, mama mmoja, alinihoji kwa utulivu ambao sikuwahi kuupata kwa tabibu yeyote. Unatoka jasho usiku? Choo kikoje? Unapenda maji ya moto au baridi? Hasira zinakupanda upesi? Kwao mambo hayo yote ni ugonjwa mmoja. Mwilini hupita nguvu ya uhai, qi, katika njia zake. Yin ni upande wa ubaridi na utulivu, yang ni joto na mwendo. Kimoja kikizidi, au qi ikikwama, mtu anaumwa. Akasema wengu wangu ni dhaifu. Usishtuke ukiambiwa hivyo: wengu wanaousema wao ni kazi nzima ya kusaga chakula, si kile kiungo anachokijua daktari wa upasuaji.

Aliyelelewa Unguja au Mombasa hatapata tabu kuelewa. Wazee wetu nao hugawa vyakula vya moto na vya baridi, na kuumika kwa vikombe tunakujua.

Nilipewa tangawizi, uji wa moto, amri ya kula mapema jioni, na sindano: si za kudunga dawa, ni nyembamba za kuchomwa mwilini ili qi isikwame. Kula kidogo kabla ya sindano, usije ukapata kizunguzungu, na hakikisha zinafunguliwa mpya mbele yako. Nilisikia uzito na ganzi, si maumivu. Usingizi ulirudi taratibu, na naamini kula mapema kulichangia pakubwa.

Mitishamba ndiyo ya kuangalia sana. Dawa mseto ya malaria tunayomeza ina kiungo kilichotokana na mmea wa qinghao. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alisoma maandishi ya karne ya 4 yaliyosema uloweke mmea huo na kuukamua, bila kutaja kuchemsha, akatoa kiini chake bila moto mkali, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Lakini Ubelgiji, miaka ya 1990, wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza uzito vilivyotiwa mmea wa jamii ya Aristolochia. Kwa hiyo uliza jina la kila jani, na usinunue unga usio na lebo. Mwonyeshe daktari dawa zako za presha, kisukari au za kuzuia damu kuganda, na umwambie kama una mimba. Homa kali, kifua kubana au damu kwenye choo, nenda hospitali siku hiyohiyo, sindano zitasubiri.