Maswali ya Wasomaji: Utafiti wa Dawa na Imani ya Watu

SWALI: Watafiti wa chanjo wanataka kumwandikisha mwanangu wa mwaka mmoja. Watamtoa damu mara nne. Majirani wanasema damu hiyo inauzwa na mtoto ataishiwa nguvu. Nifanyeje? – Mama Salma

JIBU: Mama Salma, usione haya kuuliza habari za damu. Uvumi mwingi kuhusu utafiti huanzia hapo, na mara nyingi wanaoulisha ni watafiti wenyewe. Wanasema "tutachukua kidogo tu", kisha mama anaona vichupa vitatu vinajazwa.

Hesabu ni hii. Mtoto ana damu ya takriban mililita 75 hadi 80 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo 10 ana karibu mililita 800. Miongozo mingi huruhusu utafiti uchukue kati ya asilimia 1 na 5 ya damu yote kwa siku moja, na isizidi asilimia 10 kwa wiki nane. Mtoto mgonjwa au mwenye upungufu wa damu hutolewa chini ya hapo. Mililita 5 ni ujazo wa kijiko kimoja cha chai. Fungua karatasi ya maelezo, tafuta kiasi cha kila ziara, ujumlishe. Kama hakuna namba, mtafiti aiandike kabla hujatia saini.

Vichupa kuwa vingi si lazima damu iwe nyingi. Chenye kifuniko cha zambarau kina dawa ya kuzuia damu isigande, ili chembe zihesabiwe. Katika chenye kifuniko chekundu damu huachwa igande, maabara ichukue majimaji ya juu yake na kupima kinga. Mwombe muuguzi akuonyeshe vikiwa vitupu na akuelekeze damu itafika wapi.

Uliza pia kuhusu damu itakayobaki. Kuihifadhi kwa utafiti mwingine wa baadaye, au kuipeleka nje ya nchi, kunapaswa kuelezwa waziwazi kwenye fomu. Katika fomu nzuri jambo hilo lina kisanduku chake cha ndiyo na hapana, na ukichagua hapana kwa kawaida mtoto hazuiwi kushiriki jaribio lenyewe.

SWALI: Mimi ni msaidizi katika utafiti wa dawa ya shinikizo la damu. Watu wanasaini bila shida, lakini ikifika ziara ya tatu hawaonekani, na tukiwafuata nyumbani wengine wanajificha. Tumekosea wapi? – M.K.

JIBU: Ndugu M.K., mtu akisaini fomu ya kurasa kumi ndani ya dakika tano, hiyo ni ishara kwamba hajaelewa. Pengine amedhani amekuja kutibiwa, au ameona haya kumkatalia mwenye koti jeupe. Anapogundua baadaye kwamba dawa yake ilipangwa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu, anahisi amelaghaiwa. Mtu wa namna hiyo hatakuja kugombana nanyi. Ataacha tu kufika.

Anzeni na nani anaomba ridhaa. Daktari au muuguzi anayemtibu mtu kila mwezi asiwe ndiye anayemwomba aingie kwenye utafiti, kwa sababu mgonjwa ataogopa kwamba akikataa atahudumiwa vibaya. Apewe kazi hiyo mtu mwingine, mwenye lugha ya watu wale, katika chumba chenye faragha. Mshiriki aende na karatasi nyumbani, ashauriane na watu wake, arudi siku nyingine. Mtaandikisha wachache kwa wiki, na mkubwa wenu atalalamika, lakini mshiriki anayepotea katikati anaharibu matokeo kuliko asiyeingia kabisa.

Kisha mpimeni kama ameelewa. Swali la "umeelewa?" halina faida, maana kila mtu hujibu ndiyo. Mwambieni aeleze kwa maneno yake: Tunajaribu nini? Nani ataamua upate dawa mpya au ile ya kawaida? Ukitaka kuacha katikati utafanya nini, na matibabu yako yatakuwaje? Swali la kura ndilo linalowashinda wengi. Semeni wazi kwamba mgonjwa hachagui, daktari hachagui, na kwamba dawa mpya inaweza kuwa mbaya kuliko ya zamani. Ingekuwa imeshajulikana kuwa ni bora, kusingekuwa na haja ya utafiti. Akikosea jibu, rudieni sehemu hiyo tu na kumwuliza tena. Akiendelea kukosea, msimwandikishe.

Asiyejua kusoma anahitaji shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, akae tangu maelezo yanapoanza hadi mwisho, naye aweke saini na tarehe kando ya dole gumba la mshiriki. Kosa tunaloliona sana ni shahidi kuitwa mwishoni aje kusaini tu. Huyo hajashuhudia kitu. Nakala ya fomu ibaki kwa mshiriki, ikiwa na namba ya simu inayopokelewa kweli.

Kuhusu viongozi wa mtaa au kijiji, waoneni kwanza, kwa barua na ana kwa ana. Lakini ruhusa ya kiongozi inafungua mlango wa kijiji tu; kila mtu bado ana haki ya kukataa, hata kama kiongozi amekubali. Undeni pia bodi ya ushauri ya jamii, na isiwe ya vigogo peke yao. Wawemo wakunga, waendesha bodaboda, vijana na wale wanaowapinga, wasomewe fomu kabla haijapelekwa kwenye kamati ya maadili, ile inayokagua na kuidhinisha utafiti, wakati maneno bado yanaweza kubadilishwa.

La mwisho: gari lenye nembo ya utafiti likisimama mlangoni, majirani wote wanajua kuna mgonjwa. Hilo peke yake linatosha mtu kujificha. Mwulizeni kila mshiriki siku ya kwanza angependa afuatwe vipi, na mlipe nauli yake siku hiyohiyo aliyokuja.

SWALI: Je, ni kweli kwamba watoto walifanyiwa majaribio Nigeria na wengine wakafa, au ni uzushi wa mitandaoni? – Msomaji wa kila toleo

JIBU: Tukio lipo. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake ya Trovan kwa watoto 200: nusu walipewa dawa hiyo, nusu ceftriaxone iliyokuwa ikitumika tayari. Watoto 11 walifariki, watano upande wa Trovan na sita upande wa pili. Kampuni ilisema kilichowaua ni ugonjwa. Familia zilisema hazikuambiwa kwamba ni majaribio. Mwaka 2009 kampuni ilifikia makubaliano na jimbo la Kano ya dola milioni 75, bila kukiri kosa.

Madhara hayakuishia hapo. Mwaka 2003 Kano ilisitisha chanjo ya polio kwa takriban mwaka mzima. Sababu zilikuwa kadhaa, zikiwemo za kisiasa, lakini kumbukumbu ya 1996 iliipa hofu ile uzito. Virusi vilivuka mipaka hadi nchi nyingine za Afrika, na baadaye Indonesia. Kwa hiyo mtafiti akikuta watu wana shaka, asiwaite wajinga. Aitaje Kano yeye mwenyewe, kisha aonyeshe katika utafiti wake ni nini kinazuia yaliyotokea kule: kamati gani iliusoma, na bodi gani isiyo ya wafadhili inaangalia usalama na inaweza kushauri usimamishwe.

SWALI: Nitajuaje kama utafiti ni halali, na nikiumia nani atalipa? – J.

JIBU: Omba namba mbili. Ya kwanza ni ya kibali cha kamati ya maadili, pamoja na simu ya kamati yenyewe. Piga, usome namba, uulize kama kibali bado hai; vingi hutolewa kwa mwaka mmoja na kuhuishwa. Ya pili ni ya usajili wa jaribio. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa Chama cha Madaktari Duniani, linataka jaribio lisajiliwe hadharani kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Namba inayoanza na PACTR ni ya rejista ya Afrika, na NCT ni ya rejista ya Marekani. Zote zinasomwa bure mtandaoni. Linganisha kilichoandikwa huko na ulichoambiwa: idadi ya washiriki, muda, na dawa inayolinganishwa.

Malipo ya kuumia yawe yameandikwa kwenye fomu. Sentensi ya "utapewa huduma ya haraka" haitoshi, kwa sababu huduma ya haraka inaweza kuwa ya siku moja tu. Tafuta nani anagharimia matibabu hadi mwisho, jina la kampuni ya bima, na kama kuna fidia kwa ulemavu au kifo. Ukikuta kifungu kinachosema unaachia haki yako ya kudai, usisaini. Kipeleke kwenye kamati ya maadili.