Ukitaka kueleza Mirihi, anzia Marafa

Nilisomea miamba ya sayari, nikafanya utafiti miaka kadhaa, na sasa kazi yangu ni kuwaeleza elimu hiyo wanafunzi, wavuvi na yeyote mwenye hamu hapa Malindi. Vijana wanaosoma jiolojia huniuliza wafanyeje ili nao waishike njia hii. Nawaambia: jifunze kueleza tumejuaje, kabla ya kueleza tumejua nini.

Ukimwambia mtu kwamba sayari ya Mirihi (Mars) iliwahi kuwa na mito, atakuitikia kwa adabu na yataishia hapo. Mpe kokoto mbili azishike: moja imevunjwa kwa nyundo, nyingine imetoka mtoni. Mwenyewe atakwambia ya mtoni imekuwa laini kwa kugongana na wenzake majini. Hapo ndipo umweleze kwamba mwaka 2012 gari la utafiti la Curiosity, ndani ya kreta ya Gale huko Mirihi, yaani shimo kubwa lililochimbwa na kimondo, lilipiga picha za kokoto za mviringo zilizogandamana kuwa mwamba, nyingine kubwa mno kubebwa na upepo. Basi hoja ameishika kwa mkono wake, wala haamini kwa kuwa mimi nina shahada.

Sisi watu wa Malindi tuna bahati. Kila masika tunaona mto Sabaki ukimwaga tope hadi bahari inabadilika rangi. Anayeelewa tope hilo linavyotulia mdomoni mwa mto ataelewa kwa nini Perseverance, gari jingine la utafiti wa Mirihi, ilitelemshwa kreta ya Jezero mwezi Februari 2021: kuna delta ya kale pale, yaani tope lililorundikana mdomoni mwa mto, na tope lililotulia huhifadhi habari za maji yaliyolileta.

Marafa nako, kwenye yale makorongo ya rangi rangi, wazee husimulia habari za matajiri waliooga maziwa mpaka Mungu akaididimiza ardhi yao. Nakuomba sana, usimkatize mzee. Sikiliza hadi mwisho, kisha muulize mvua kubwa ya mwisho ilimega wapi. Atakuonyesha, kwa sababu anaijua ardhi ile kuliko wewe, na mazungumzo ya mmomonyoko yatakuwa yameshaanza. Nimeona wasomi wakipoteza kijiji kizima kwa kuanza na neno "si kweli".

Wavuvi vilevile. Bamvua na maji mafu, yaani siku za maji kujaa na kupwa sana na siku za kujaa na kupwa kidogo, wanayajua, kwa hiyo waulize kwanza wao mwezi unaamua vipi siku zao za kazi. Madoa meusi ya mwezi, ambayo ni lava iliyoganda zamani sana, yaje baadaye.

Riziki ya kazi hii haina mpangilio. Shule nyingi hazina cha kukulipa, kwa hiyo uwe na kazi nyingine mkononi: kufundisha, kuandika, hata kupima udongo wa wajenzi. Ila usiache kusoma tafiti mpya. Ukiacha, utabaki kurudia mambo yaliyokwisha kusahihishwa, na watoto watayabeba hivyo hivyo.

Watoto hao waambie pia kwamba setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa kuchunguza miale ya eksirei angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la baharini hapo Ngomeni. Wengi hawajapata kuambiwa.

Kama uko chuoni, usingoje shahada ya pili. Omba ruhusa kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, peleka mawe yako, na muda wa maswali uuache mrefu kuliko wa maelezo.