Jibu: Je, jumla ya mapishano witiri hudumu katika vipimo vinne?

Ndugu, umeuliza iwapo jumla ya alama (+1 au -1) za mapishano witiri, inayotusaidia kutambua mafundo dhahania (ambayo michoro yake huruhusu pia mapishano yasiyo halisi, yasiyo na juu wala chini) yasiyo ya kawaida, hubaki kuwa invarianti (kiasi kisichobadilika fundo linaposogezwa bila kukatwa) tunapopanda hadi vipimo vinne. Haibaki, na mfano mdogo sana unatosha kuonyesha sababu. Chukua fundo dhahania lenye mapishano mawili halisi, yote chanya, ambalo msimbo wake wa Gauss (orodha ya mapishano kwa mpangilio tunaoyapitia tukilizunguka fundo) ni J2 J1 C2 C1, J ikiwa kupita juu na C kupita chini. Pishano ni witiri ikiwa kati ya J yake na C yake kuna idadi witiri ya vipito vingine. Kati ya J1 na C1 kimo kipito kimoja tu, na vivyo hivyo kwa pishano la pili. Kwa hiyo yote mawili ni witiri na jumla ni 2, ilhali fundo la kawaida (lisilohitaji mapishano yasiyo halisi) hutoa 0 daima. Lakini ramani ya Satoh ya mwaka 2000, inayogeuza fundo dhahania kuwa torusi (uso wenye umbo la pete) katika vipimo vinne, haijali mpangilio wa vipito viwili vya juu vinavyofuatana. Tukivibadilisha tunapata J1 J2 C2 C1, ambapo J2 na C2 zimekaribiana na kitanzi chao hufunguka, kisha cha J1 na C1, na fundo lote linafumuka. Kinachosalimika ni kundi la fundo, muundo wa kialjebra unaosomwa kwenye mchoro, kwa kuwa ndilo kundi la msingi (kundi la vitanzi) la nafasi inayoizunguka torusi hiyo. Ningekushauri uanzie hapo.