Usiniambie darasa lilikuwa gumu, niambie kilichotokea

Katika vikao vya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ninavyosimamia, daftari za tafakuri za walimu hujaa sentensi moja: "Wanafunzi hawakuwa makini." Inawezekana ni kweli, lakini huwezi kuingia nayo darasani kesho ukafanya chochote tofauti.

Mwanasaikolojia wa Marekani, John Flanagan, alikuta hali hiyohiyo jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wakufunzi waliwaondoa vijana kwenye mafunzo ya urubani kwa sababu kama "hana uamuzi mzuri" au "haendelei vya kutosha". Kijana alifanya nini hasa, haikuandikwa. Makala yake ya mwaka 1954 ilieleza mbinu aliyoitoa huko: kusanya matukio, yaani mambo ambayo mtu alionekana akiyafanya, yakaisaidia kazi au yakaiharibu. Maoni yakae pembeni kwanza.

Kwa hiyo mwalimu akiniletea "hawakuwa makini", namwomba aandike upya bila neno lolote la kuhukumu. Mmoja wa hesabu alirudi na hii: "Niliuliza mmeelewa, wakaitikia ndiyo mwalimu. Nikamwita mmoja ubaoni ajumlishe 1/2 na 1/3. Akaandika 2/5. Darasa likacheka. Nikafuta, nikaandika 5/6, nikaendelea."

Tulikaa kwenye hilo "nikafuta" karibu kikao kizima. Mtoto alikuwa amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Ana kanuni yake kichwani, na dasta imeipitia kabla hajaulizwa ameipataje. Umakini haukuwa tatizo hata kidogo. Na ile "ndiyo mwalimu" ya pamoja, sote tunaijua ilivyo (tuliiitikia wenyewe tukiwa wadogo). Wiki iliyofuata mwalimu yule aliliacha jibu lisilo sahihi ubaoni na kuuliza, "Nani mwingine amepata hivi?" Mikono ikawa mingi.

Angalia kwamba hakuna aliyezirai wala kupigana. Wengi husubiri tukio kubwa ndipo waandike. Mimi naona vijambo vidogo vya kila siku ndivyo vyenye faida zaidi, mradi uviandike siku hiyohiyo. Ukikaa na tukio juma zima bila kuliandika, kumbukumbu inalipamba na wewe unatoka msafi.

Kwa mnaoandika tasnifu kwa mbinu hii: msimuulize mtu "changamoto zako ni zipi?" Atawapa orodha mliyokwisha kuisoma kwingine. Muulizeni, "Kumbuka mara ya mwisho somo lilipokwama. Nini kilitangulia? Ulifanya nini? Kikafuata nini?" Kisha muulizeni pia kuhusu siku lilipokwenda vizuri, kwa sababu wengi husahau upande huo na data inageuka kuwa malalamiko matupu. Kinachohesabiwa hapa ni matukio, si idadi ya watu. Matukio mapya yakiwa hayaleti tena aina mpya ya tendo, mmefika; data inatosha.

Jambo moja silikubali: daftari hizi kutumika kumpima mwalimu. Mkuu wa shule akizichukua kwa ajili ya tathmini ya utendaji, kuanzia hapo ataandikiwa masomo yaliyofana tu. Kabla ya kuanza, kubalianeni nani atasoma, na majina ya watoto yaondolewe yote.