Jino Liko Kizingitini, Daktari Yuko Amu

Mimi ni daktari wa meno hapa Amu, yaani Lamu, na wiki hii simu yangu imejaa picha za midomo iliyoachama ya wagonjwa. Nimechagua maswali manne.

*Daktari, nimekutumia picha ya gego mara tatu, kila mara waniambia huoni kitu. Nifanyeje? (Mvuvi, Kizingitini)*

Usijipige picha mwenyewe. Mpe mwenzako simu, atumie kamera ya nyuma. Sukutua, kaa mlangoni penye mwanga, uvute shavu kwa mpini wa kijiko. Simu ikae mbali kama shubiri moja, maana ikisogea mno picha huwa ukungu mtupu. Na kioo cha kamera kifutwe kwanza! Picha yako ya pili ilikuwa na mafuta ya samaki, nusura niisikie harufu. Kwenye WhatsApp itume kama faili. Ukiituma kama picha ya kawaida, programu huibana na ufa mwembamba ukapotea.

Kisha ongeza sauti ya dakika moja, kwani picha haisemi jino lauma vipi. Likishtuka kwa maji baridi na kutulia papo hapo, mara nyingi bado lazibika. Likikuamsha usiku lenyewe, huenda uozo umeshafika kwenye kiini. Na tundu lililojificha baina ya meno mawili, hata upige picha mia, litataka eksirei. Kwa hiyo nikikuambia upande boti uje Amu, sijakupuuza.

*Mwanangu wa miaka sita amevimba shavu na ana homa. Ningoje kuche? (Mama, Faza)*

Huyu nilimpigia usiku uleule. Narudia kwa ajili ya wengine. Uvimbe ukishuka chini ya taya, mtoto akishindwa kumeza au kufungua mdomo, mate yakimdondoka au pumzi ikiwa nzito, usikae kupiga picha wala kungoja jibu langu. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu saa hiyohiyo, kwani uvimbe huo waweza kuziba njia ya hewa. Aspirini asipewe, wala asiwekewe kwenye ufizi.

*Si uniandikie antibayotiki tu nikanunue? (Mokowe)*

Hapana. Uvimbe utanywea, jino bovu libaki palepale, nawe utaniandikia tena mwezi ujao.

*Nala tambuu tangu usichana. Nina kidonda shavuni mwezi wa pili sasa. Mjukuu akakipiga picha akaituma kwenye grupu la familia, nimeona haya. (Bibi, Langoni)*

Pole, bibi. Mjukuu amekosea. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 yahesabu habari za afya kuwa nyeti, na picha ikishaingia grupu hubaki katika simu za watu hata yeye akiifuta kwake. Atume kwa daktari peke yake.

Lakini kidonda chako sikitaki kwenye simu. Popoo iliyomo kwenye tambuu husababisha saratani ya mdomo, na tumbaku ikichanganywa humo hatari huzidi. Kidonda kisichopona kwa wiki 2 huguswa kwa kidole, kujua kama kingo zake ni ngumu, na pengine hukatwa kipande kidogo kikapimwe. Njoo asubuhi yoyote, uje na mjukuu akushike mkono. Simu aiache nyumbani.