Lafudhi imebadilika, sauti ni ileile

SWALI: Nilikuwa jikoni, watoto wanatazama tamthilia ya hospitali sebuleni. Nikauliza, "Huyo si Hugh Laurie?" Nilimzoea kwenye vichekesho vya Uingereza, na hapa daktari alikuwa anaongea Kimarekani kitupu. Kwenda kutazama, ni yeye. Mume wangu anadai nilibahatisha. Sikio langu lilishika nini?

JIBU: Hukubahatisha, dada. Lafudhi ni kazi ya ulimi, midomo na taya, na kazi hiyo hufundishika. Waigizaji wana walimu wao. Kisichofundishika ni bomba lenyewe. Kutoka kwenye nyuzi za sauti hadi midomoni, mwanamume mzima ana njia ya sentimita 17 hivi, mwanamke kama 14, na hakuna wawili wenye koo na pua za umbo moja. Sauti ikipita humo, baadhi ya masafa (kasi za mitetemo ya sauti) hupata nguvu na mengine hufifia.

Nikifungua rekodi kwenye Praat, programu ya kuchambua sauti, masafa yaliyopata nguvu nayaona kama mikanda. Miwili ya chini huhama kila irabu inapobadilika, na ndiko lafudhi inakocheza. Wa tatu na wa nne hautikisiki sana (ukiacha "r" ya Kimarekani, ambayo huuvuta wa tatu chini vibaya), na ndiko mwenye sauti anakoonekana.

Halafu kuna mazoea: kasi, mahali anapovuta pumzi, anavyoiachia sentensi mwishoni. Mimi huyaamini hayo kuliko uzito wa sauti, maana uzito hata mtoto huuigiza.

Wakenya wengi walimdhani Mzee Ojwang wa Vitimbi, vichekesho vya televisheni, ni Mjaluo, kwa Kiswahili chake kile chenye lafudhi ya Kijaluo. Kumbe aliyemwigiza, Benson Wanjau, aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi iliwapoteza kuhusu asili yake, lakini sauti yake waliijua hata televisheni ikiwa chumba cha pili.

Kilichokusaidia zaidi ni kumzoea. Sauti uliyoisikia mara moja tu hupotea lafudhi ikibadilika. Mnong'ono nao husumbua, kwa sababu nyuzi hazitetemeki. Na simu za kawaida hukata masafa ya juu ya Hz 3400 hivi, ndiyo maana hata ndugu yako humtambui mara moja.

Mkitaka kumaliza ubishi, igeuzieni televisheni mgongo na msubiri mwigizaji acheke au akohoe. Ila isiwe filamu iliyotafsiriwa na DJ Afro. Humo wote wanasemewa na yeye mmoja.